Sufuria ya Mtu Mbaya

Kipenzi hajui hata kuchemsha maji. Upawa nilimfundisha kuushika mimi, asubuhi ya siku tuliyogawa chakula, na bado aliushika kama kipaza sauti.

Tunaigiza pamoja kwenye tamthilia ya kila wiki. Yeye ni yatima mwema anayeliza watu. Mimi ni baba yake mdogo, na katika sehemu ya mwisho iliyoonyeshwa nilimtilia sumu kwenye chakula ili nirithi nyumba. Wazo la kujitolea kwenye kituo cha kugawa chakula lilikuwa langu. Mvua zilikuwa zimegoma, bei zimepaa, na mimi kabla ya uigizaji nilikuwa mpishi wa hoteli. Nilikuwa naenda kimya kimya, nakaa nyuma nakata vitunguu. Kipenzi aliposikia, akaja na mpiga picha.

Siku hiyo Mama Jiko, msimamizi wetu, alituweka mezani wote wawili, kila mtu na sufuria yake ya maharage. Ya Kipenzi aliipika Mama Jiko. Yangu niliipika mwenyewe tangu alfajiri, moto mdogo, vitunguu mpaka vikayeyuka. Nilichotaka ni kitu kimoja: mtu aonje, anitazame usoni, aseme asante.

Mlango ulipofunguliwa, watu wote walimwendea Kipenzi. Walimpa pole ya sumu. Mama mmoja alimshika shavu akamuuliza kama tumbo limetulia, na yeye, bila haya, akajishika tumbo akasema anaendelea vizuri. Kwangu hakuja hata nzi. Mzee mmoja alisogea kwa bahati mbaya, mkewe akamvuta shati.

Nilimtazama alivyokuwa akitabasamu kwa meno yote huku kamera ikimfuata, nikatamani sumu ile ingekuwa ya kweli, angalau ya kumshindisha chooni.

Kisha sufuria yake ikaisha, na foleni bado ilikuwa imefika getini. Mama Jiko akatangaza kwamba sufuria yangu bado imejaa. Hakuna aliyepiga hatua. Mbele kabisa alikuwa bibi mmoja mwembamba, sahani tupu ameikumbatia kifuani. Nikamwapia kuwa chakula ni kizima. Akanikumbusha kwamba hata mtoto wa watu nilimwapia hivyo hivyo. Nikachota nikaonja mbele yao wote, foleni ikaguna: kwenye tamthilia pia nilianza kwa kuonja.

"Bora nirudi na njaa yangu," bibi alisema. "Hiyo nimeizoea. Chakula chako sikijui."

Akageuka. Wa nyuma yake nao wakaanza kugeuka, wengine walishatoka nje ya geti. Kipenzi akaniinamia.

"Kaka, nipe nigawe mimi."

Nilishika masikio ya sufuria kwa nguvu zote. Ilikuwa kazi ya mikono yangu, na huyu alikuwa ameshapewa kila kitu: pole, mashavu, picha. Nilikuwa tayari kumwambia aniondokee. Lakini mgongo wa yule bibi ulikuwa unakwenda, na kanga yake imemlegea kiunoni kama imetundikwa kwenye kamba.

Nikainua sufuria nikaipeleka jikoni. Mama Jiko akamimina maharage yangu kwenye sufuria ya Kipenzi, akatoka nayo akipiga kelele kwamba kipenzi chenu kapata nyingine. Foleni ikarudi mbio.

Mimi nilibaki kwenye karo la kuoshea vyombo, karibu na dirisha. Nilisikia kila neno. Walisema hii ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Wakamuuliza ameweka nini, akacheka akasema ni siri. Roho iliniuma mpaka nikavunja kikombe.

Bibi alikuja dirishani kurudisha sahani. Aliponiona alisita, akaitazama sahani, akanitazama mimi, akaona hakuna mwingine wa kumpa.

"Umeona?" akaniambia, kwa upole kidogo, kama mtu anayemuonya mwanawe. "Mtu akiwa na roho safi, hata chakula chake unakijua mdomoni. Ujifunze kwa yule kijana."

"Nitajifunza, bibi."

Akaondoka. Nikaitazama sahani kabla ya kuitumbukiza majini. Alikuwa ameilamba.