Nyonga ya Zuhra

Mwanangu Zuhra alizaliwa na nyonga ya kushoto isiyokaa mahali pake. Hakulia wala hakuumwa. Mimi ndiye niliyeona, kila nikimlaza chali na kumkunja miguu, goti la kushoto liko chini kuliko la kulia. Nikampeleka hospitali ya Ndanda, wakamvika mikanda ya kitambaa kutoka mabegani mpaka miguuni, inamshika magoti yamekunjwa na mapaja yametanuka.

Daktari Anselmo alinieleza taratibu. Mikanda ikifanya kazi, mfupa utaingia wenyewe. Isipofanya, mtoto atapelekwa hospitali kubwa akafungwe plasta kuanzia kiunoni, na pengine apasuliwe.

"Usimvue," akasema. "Hata kumwogesha, mpanguse hivyo hivyo."

Kwetu Kitangari watu wana midomo. Jirani yetu Hamida alichungulia siku ya kwanza, akacheka.

"Mama Zuhra, unafuga chura?"

"Ndiyo. Mvua zikija atakuja kukuimbia mlangoni, usilale."

Akacheka zaidi, akaenda zake. Aliyenipa tabu ni yule asiyecheka. Mama mkwe wangu, Bi Sijaona, kalea wajukuu wengi, na kila mmoja alimkanda kwa mafuta ya ufuta na kumnyoosha miguu, ndivyo tunavyofanya kwetu ili mtoto asiwe na matege. Kumwona huyu wa kike katanuka kutwa kucha kulimchoma.

"Miguu hii nani ataioa?"

"Mama, wanaoa mtu, hawaoi miguu."

"Haya, utaona."

Msimu wa korosho ukafika. Mimi na mume wangu Salmini tukawa shambani tunaokota. Zuhra anabaki na bibi yake, adhuhuri narudi kumnyonyesha, kisha naenda tena. Jioni moja nampokea mtoto, naona mikanda imepishana kifuani. Ile hupishana mgongoni. Na ngozi yake inanukia ufuta.

"Mama, Zuhra kavuliwa?"

"Nani amvue?" Akainuka kwenda kusonga ugali ambao ulikuwa umeshaiva.

Sikugombana naye. Nilimfunga mtoto upya kama nilivyoonyeshwa, na toka siku ile nikawa naye shambani. Lakini hofu ilishaingia. Kavuliwa mara ngapi? Nikilitazama goti, siku nyingine naliona sawa, siku nyingine nasema macho yananidanganya.

Siku ya kurudi Ndanda, mama mkwe alivaa kabla yangu. "Nami nakwenda," akasema. Mpaka tunafika Masasi kubadili gari hakutamka neno, na kunyamaza si tabia yake.

Zuhra akapigwa eksirei. Tunangoja picha, daktari akaniuliza, "Alivuliwa mikanda hata siku moja?"

Kumsema mama mkwe mbele ya watu nisingeweza, na kumdanganya daktari ni kumdhulumu mwanangu.

"Nilimvua mimi," mama akasema, anatazama sakafu. "Mara moja tu. Nikampaka mafuta. Kuanza kumnyoosha, akapiga ukelele ambao sijausikia kwa mtoto. Nikaogopa, nikasema nimemvunja. Ile minyororo yenu kuirudisha ikanishinda, basi nikambeba mgongoni mpaka jioni, ndipo nikaifunga nilivyoweza."

"Ulimbebaje, bibi?"

"Kwani wewe, daktari, hukubebwa?" Akashika upindo wa kanga, akainama, akaonyesha. "Kanga inapita hapa. Miguu huku na huku, imenikumbatia kiuno."

Daktari akacheka mpaka akaegemea meza. "Basi siku ile mkanda ulikuwa wewe. Mgongoni mtoto anakaa vile vile tunavyotaka. Lakini kunyoosha, bibi, hapana."

"Sirudii, baba. Hata wa jirani simnyooshi."

Picha ikaja. Daktari akaiinamia. Mimi nilitazama uso wake, maana picha siwezi kuisoma. Zikalegea nyusi kwanza, halafu mdomo.

"Mfupa umeingia kwenye kikombe chake," akasema. "Ona, kulia na kushoto sawasawa. Mikanda imefanya kazi. Plasta haitakiwi."

"Na kisu?" mama akauliza.

"Kisu kakatie mboga."

Nikakaa bila kuambiwa karibu. Daktari akaendelea kusema kwamba sasa Zuhra atavaa mikanda wakati wa kulala tu, kisha atatazamwa tena akianza kusimama. Nesi Priska akamfungua mikanda. Zuhra akatulia kidogo, macho darini, halafu akarusha teke la kushoto likampata Priska kidevuni.

"Huyu mzima," Priska akasema, anajisugua.

Nje nikampigia Salmini.

"Wamesemaje?"

"Imekaa."

Nikasikia anapenga kamasi. Mama akaninyang'anya simu.

"We Salmini! Mwanaume mzima unalia mbele ya watu kwa sababu gani? Mtoto kapona! Nyamaza!"

Akanirudishia simu, akamchukua Zuhra, akakaa naye kwenye ngazi, na hapo yeye mwenyewe akalia.