Neno Aliloliruka Mwalimu Ruthi

Arobaini ya Samiha ilikuwa imeshapita barua kutoka Uingereza, alikofia, ilipomfikia mama yake, Saleha, nyumbani Chumbageni, Tanga. Kurasa tatu, zote Kiingereza. Akajitanda mtandio, akachukua bajaji hadi Raskazone kwa Mwalimu Ruthi, mstaafu aliyemfundisha marehemu Kiingereza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Samiha. Pole tena. Kaa."

Ruthi akavaa miwani, akawa anasoma na kufasiri polepole. Barua ilitoka ofisi inayochunguza vifo. Samiha, miaka ishirini na sita, mhudumu wa wazee, alifariki kwa maradhi ya mapafu. Chumba alichopanga kilikuwa na baridi.

Saleha akaweka kidole kwenye karatasi. Kiingereza hakijui, lakini herufi anazijua. "Neno hili limeandikwa mara tano, mwalimu. Wewe hujalitamka hata mara moja."

*Damp*. Ruthi akavua miwani.

"Ni unyevunyevu."

"Yaani maji yaliingia?"

"Hapana. Kitu kilicholowa kina neno lake jingine. Hili ni la kitu ambacho kwa macho unadhani kikavu, ukikigusa kimepoa, kinanata. Ukuta unaoota ukungu. Shuka lisilokauka."

"Kama nguo za masika."

"Kama nguo za masika. Ila sisi jua likitoka tunaanika. Mle ndani ilikuwa hivyo mwaka mzima. Alimlalamikia mwenye nyumba mara mbili."

Kila Ijumaa kwenye simu Saleha alimsikia mwanawe akikohoa, na kila Ijumaa aliambiwa, "Vumbi tu, mama. Chumba changu kizuri, hakina joto kama la Tanga." Naye alicheka, akamwambia achemshe tangawizi.

"Nisamehe," Ruthi alisema. "Nilitaka kukupunguzia."

"Hata mwanangu alitaka kunipunguzia." Saleha alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, lakini machozi hayakukoma. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasema, "Andika, mwalimu. Waulize, sasa hivi nani analala mle?"

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Chumba kilikuwa kimepangishwa tena, kwa msichana mgeni kama Samiha.

Saleha akarudi Raskazone kuandikisha barua ya pili, kwa msichana huyo ambaye hata jina lake halijui. Ruthi alijaza ukurasa mzima kwa Kiingereza. Mwishoni akauliza kama kuna la kuongeza.

"Mwambie ahame," Saleha alisema. "Na akianza kukohoa, asimfiche mama yake."