Ngozi Iliyosifiwa Mezani

Adhuhuri, kabla ng'ombe hawajarudi kukamuliwa, Mzekala alishuka kijitoni, mwanawe Nanuli mgongoni, akaondoa mawe na kuuvuta ubao uliopigiliwa ngozi ya kondoo. Maji ya milima ya Svaneti hayana salamu. Vidole vilikufa ganzi ijapokuwa ni Juni. Aliianika ngozi juani, na chenga za dhahabu zilizonaswa kwenye sufu zikaanza kumetameta. Ilipokauka akaikung'uta juu ya karai. Ngozi ikapiga chafya, kama kawaida yake, naye akailambisha chumvi.

Hakuna aliye hai aliyemwona kondoo mwenyewe. Ngozi yake, hata hivyo, ilinyolewa kila mwaka, na ng'ombe waliporudi jioni nayo ililia ukutani, isije ikasahauliwa. Mchana kazi yake ilikuwa kijitoni; usiku kazi yake ilikuwa Nanuli. Mtoto yule hakulala penginepo. Godoro alilikataa, mapaja ya baba yake aliyakataa, hata kifua cha mama yake alikikubali kwa kunyonya tu. Juu ya ngozi, alilala kabla hujamaliza kumfunika.

Siku hiyo alifika Dokta Revazi, mtafiti wa mambo ya kale kutoka mji mkuu. Mama mkwe wa Mzekala, Bibi Darejani, aliposikia "dokta" alipandisha gauni, akamwonyesha goti.

"Mama, mimi natibu vyungu vya kale," alisema Dokta.

"Basi kaa ule. Goti litawasubiri wenzio."

Mkate wa nyama ukaja, araki ikamiminwa. Dokta alieleza, mdomo umejaa, kwamba hadithi ya Wagiriki, ya Yasoni aliyevuka bahari kufuata ngozi ya dhahabu, haikubuniwa hivi hivi. Watu wa huku walinasa dhahabu kwa ngozi tangu zama hizo. Kama ushahidi, mchanga wa mtoni alikuwa nao tayari kwenye chupa. Alikosa ngozi yenyewe.

Ngozi ikakohoa ukutani. Dokta akageuka.

"Nzuri sana hiyo."

Mzekala aliweka sahani chini. Katika nyumba zile mgeni hutumwa na Mungu, na akisifucho mezani ni chake. Ndiyo maana watoto hufundishwa mapema: ukienda kwa watu, sifu supu.

"Mama," alimnong'oneza Darejani, "na mtoto je?"

"Imeshasifiwa, mwanangu. Ulitaka nimzibe mgeni mdomo kwa mkate?"

"Mkate ulikuwepo wa kutosha."

Darejani alicheka mpaka akalishika goti. Kisha akaishusha ngozi, akampa Dokta kwa mikono miwili. Ililia hadi gari lilipopinda kona.

Nanuli akapokea kutoka hapo. Alilia ng'ombe wakikamuliwa, alilia mkate ukiokwa. Baba yake alihamia kwenye mnara wa mawe wa mababu, eti analinda dhidi ya maadui. Mzekala alisinzia amesimama, ndoo mkononi.

Asubuhi moja, majani ya ng'ombe yakiwa yamekatwa mara ya pili, mlango wa zizi ulisukumwa. Ngozi iliingia, imejaa matope, kibao cha makumbusho kikining'inia shingoni. Mzekala alimaliza kukama kwanza. Halafu akasoma: "Ngozi aliyoifuata shujaa Yasoni. Imegunduliwa na Dokta Revazi."

Akaifuta matope, akamlaza Nanuli. Kimya kilipozidi, baba mtu akashuka mnarani.

"Shujaa," alisema Mzekala. "Kaingia kwa watu, kala, kaondoka na mali yao."

"Tena yule Yasoni hata hakuisifu," alisema Darejani. "Alibeba tu."

"Na hiyo aliyoibeba ilirudi?" aliuliza Mzekala.

"Kwani huyo mtoto umemlaza juu ya nini?"

Mjini, watu waliendelea kupanga foleni kutazama sanduku tupu la kioo, na kibao kipya kikachongwa, maneno yale yale.

Kabla theluji haijafunga barabara, Dokta alirudi na dawa ya goti. Alikaribishwa, akala, akaisifu supu, Mzekala akaanza kupumua. Kisha akaitazama ngozi chini ya Nanuli aliyelala.

"Nzuri sana hiyo."

Mzekala alimnyanyua Nanuli taratibu. Akafunga chumvi kidogo kwenye kitambaa, akaificha ndani ya sufu, akainamia pale ambapo zamani palikuwa na sikio.

"Safari hii," aliiambia, "pitia njia ya mkato."