Ua la Mama na Petali Iliyopinda

Cherehani ile ya kudarizi ilikuwa imelishona ua la mama miaka na miaka bila kinyongo, hadi asubuhi hiyo ilipojisasisha yenyewe. Mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Uzi alikaza shela ya mjukuu wake kwenye fremu, akabonyeza kitufe, na kioo cha mashine kikamjibu: "Mchoro huu ni mali ya mtumiaji mwingine. Omba ruhusa."

"Mali ya nani?" alikiuliza kioo, kana kwamba kina haya.

Ua hilo alilichora yeye mwenyewe. Alitandaza leso ya marehemu mama yake mezani, akaifuata mshono kwa mshono hadi mchoro ukaingia kwenye flashi ya cherehani, na petali moja akaiacha makusudi ikiwa imepinda. Kwani hapo ndipo mkono wa mama ulipopotea, nuru ya macho ilipoanza kumtoka. Mjukuu alikuwa ameahidiwa kuolewa akiwa na ua hilo kichwani, na harusi ilikuwa kesho kutwa.

"Uliza kwenye kundi, dada," alisema mdogo wake, aliyeshona upande wa pili wa meza. Hakuinua uso kutoka kwenye pindo lake. "Kule hawashindwi na kitu."

Bibi Uzi akauliza katika kundi la wadarizi mtandaoni. Majibu yakamshukia kama mvua ya mawe.

"Bibi, kuiba kazi ya wenzio na uzee wote huo?"

"Mashine imekukamata, hahaha!"

Kisha akaandika Malkia wa Sindano, ambaye neno lake ndilo lililokata mashauri ya kundi: "Mama yangu, tuheshimu jasho la wenzetu. Ua hilo ni langu, nimelisajili." Chini yake aliweka picha. Petali moja ilikuwa imepinda.

Bibi Uzi akaikuza picha ile. Flashi iliyobeba mchoro ule haikuwa imepata kutoka katika chumba kile. Akaandika polepole, kwa kidole kimoja: "Petali hiyo ilipindwa na nani?" Akatuma.

Ng'ambo ya meza, simu ya mdogo wake ikalia.

Mdogo mtu aliifunika kwa kiganja, lakini alikuwa amechelewa.

"Kumbe wewe," alisema Bibi Uzi.

"Dada, nisikilize. Kule kila mtu ana chake cha kuonyesha. Mimi nina nini? Tangu nizaliwe mimi ni mdogo wa Bibi Uzi, basi!"

"Ukawaacha waniite mwizi."

"Sikujua mashine itakataa! Na walipokwisha kuanza, ningesema nini mbele yao? Lete ombi, dada, nikupe ruhusa sasa hivi. Ni kubonyeza tu."

"Unipe ruhusa," Bibi Uzi alirudia taratibu. "Ya ua la mama."

Akachomoa waya wa cherehani ukutani. Akaitoa shela kwenye fremu, akasogeza kiti dirishani, akachukua sindano ya mkono.

"Kwa mkono hutamaliza, dada."

"Wajibu wenzako. Wanakungoja."

Kweli simu ilikuwa ikilia, tena na tena, wala haikuguswa. Bibi Uzi alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akalenga tundu la sindano, akakosa. Akalenga tena, akakosa. Siku zote mdogo wake ndiye aliyemtungia uzi. Alimsikia akiinuka, akimjia, akisimama karibu na bega lake, mkono wazi.

Bibi Uzi akamgeuzia mgongo, akalenga tena.