Betri za Wasiorudi

Saa tatu asubuhi, Jumanne moja ya Agosti 1987, injini ya trekta la chama cha ushirika ilizimwa ndani ya uzio wa hospitali mjini Bukoba, mahali tambarare, na haikuwaka tena mpaka jioni.

Aliyeizima ni dereva mwenyewe, Ildefons, kwa amri ya mlinzi wa geti. Trekta lilikuwa Ferguson la mwaka 1957, lililoachwa na mzungu wa shamba la chai. Tangu betri yake ife, Ildefons alikuwa akiliegesha juu ya mteremko wa ghala la kahawa huko Izigo. Kila asubuhi aliliachia literemke, akatia gia, likawaka. Baada ya hapo hakulizima mpaka jioni. Ndivyo alivyoleta mjini magunia ya kahawa siku hiyo. Alipokwisha kuyashusha, alipitia hospitali na tela tupu kumchukua dada yake, Anatolia, ambaye daktari alikuwa amempa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Kila mtu wodini alijua maana ya ruhusa ile. Mgonjwa husafiri kwa nauli. Maiti husafiri kwa kibali, na kwa bei ya gari zima. Kwa hiyo watu waliwahi kuwapeleka wagonjwa wao vijijini wakiwa bado wanapumua.

"Injini hazingurumi humu ndani," Mustapha, mlinzi, alikuwa amesema.

"Nikiizima haiwaki, waitu," Ildefons alimsihi kwa heshima. "Sina betri."

"Kwa hiyo betri ni mimi? Zima."

Anatolia alikuwa tayari ndani ya tela, juu ya godoro lililotandikwa kwenye majani makavu ya migomba. Kitanda chake kilikwisha kupata mtu mwingine. Pembeni yake aliketi Georgina, mke wa mdogo wao, akiwa ameshika mwavuli.

"Nenda katafute betri, shemeji," Georgina alisema. "Jua halijawa kali."

"Kaka," Anatolia akaita kwa sauti nyembamba. "Angalia wasikuuzie mbovu. Baiskeli nayo ulisema ni nzima."

"Baiskeli ile ilikuwa nzima. Njia ndiyo ilikuwa mbovu."

Anatolia akatabasamu kwa midomo iliyobabuka, akafumba macho.

Katika duka la Rasiklal kulikuwa na betri mbili, moja kubwa na moja ndogo. Rasiklal, mzee ambaye nduguze walikwisha kuhama mji, hakuzishusha kutoka kwenye rafu.

"Hiyo kubwa ni ya kibali," alisema. "Bwana Biashara wa wilaya asaini kwanza."

"Yuko ofisini?"

"Yuko Kibeta, wanamzika karani wake. Wiki iliyopita alikuwa Ijuganyondo, walimzika dereva wake. Na hata akisaini, hiyo ni kavu. Asidi haipo mpaka meli ilete kutoka Mwanza."

"Hiyo ndogo?"

"Ndogo nakuuzia sasa hivi, rafiki yangu, halafu jioni utakuja kunitukana. Hiyo ni ya gari la kutembelea. Itazungusha stata ya dizeli mara moja, imekwisha." Akafuta meza kwa kiganja. "Jaribu kwa Hamidi, nyuma ya soko."

Hamidi alikuwa akichaji betri za watu. Zilipangwa ukutani juu ya mbao, na kila moja iliandikwa jina la mwenyewe kwa chaki. Vumbi lilionyesha zipi zimekaa zaidi.

"Hapo chagua," alisema. "Wenyewe hawajazifuata."

"Watazifuata?"

"Huyu tulimzika. Huyu walimpeleka kwao Muleba, naye najua hatarudi. Huyu wa pembeni sina habari zake, na siku hizi sipendi kuuliza habari za mtu."

Ildefons alichagua kwa makini, kama mtu anayejua mashine yake. Katika Ferguson lile waya uliofungwa kwenye chuma cha trekta ulikuwa wa chanya, tofauti na magari ya kawaida, nao ulikuwa mfupi. Betri iliyokuwa na kichwa cha chanya upande wa pili waya usingeifikia. Akaiacha ya kwanza kwa sababu hiyo. Ya pili ilikuwa na ufa. Ya tatu ilimfaa kwa urefu, kwa upana na kwa vichwa. Chaki ilisema: Burhani.

"Huyu alikuwa na lori," alisema Hamidi. "Wakati wa vita alibeba askari mpaka Mutukula. Betri siuzi, si mali yangu. Nakuazima. Akija nitamwambia iko Izigo."

Akaingiza kipimo chake cha kioo katika kila tundu. Asidi ilikuwa dhaifu.

"Ukitaka, ichukue hivi hivi. Inaweza kuwasha, inaweza isiwashe. Au subiri niipe moto kidogo, umeme ukirudi."

"Utarudi lini?"

"Mimi nachaji betri, ndugu yangu. Umeme una wenyewe."

Ildefons alifikiri. Injini ile ikiwa baridi ilikuwa nzito. Jaribio moja la bure lingemaliza nguvu yote, naye angebaki na betri mbili zilizokufa. Akaamua kusubiri. Umeme ulirudi baada ya adhuhuri.

Alipoibeba betri hadi hospitalini, begani juu ya gunia lililokunjwa, jua lilikwisha kuinama. Aliiketisha mahali pake, akafunga waya, akapanda kitini na kuwasha. Stata ilizunguka, moshi mweusi ukatoka, injini ikashika.

Aligeuka. Mwavuli ulikuwa umekunjwa. Georgina alikuwa ameuvuta upande wa kanga yake juu ya uso wa Anatolia.

"Amekata roho tangu adhuhuri," alisema. "Aliniuliza kama umepata. Nikamwambia uko njiani."

Ildefons aliendesha mpaka getini. Mustapha akaitazama kadi ya ruhusa, akatazama ndani ya tela.

"Kadi inasema mgonjwa," alisema taratibu. "Pole, mzee. Maiti haipiti hapa bila kibali."

Kwenye dirisha la kumbukumbu alikaa karani aliyeitwa Shamsa. Alisoma kadi mara mbili.

"Huyu alitoka hapa akiwa hai. Hatuwezi kuandika kifo cha mtu aliyekwisha kutoka."

"Hakutoka. Yuko uani kwenu."

"Uani si wodi, baba."

"Basi nimpeleke wapi?"

Shamsa alitazama nyuma yake, kisha akainamia dirisha. "Nenda polisi, watakuuliza kafia wapi, wewe ulikuwa wapi, na watamshikilia. Au mlazeni upya. Daktari akipita kesho atamkuta, ataandika."

Ildefons akakubali.

Wakamrudisha wodi ile ile kwa machela. Vitanda vilijaa, kwa hiyo akalazwa sakafuni, kati ya wanawake wawili waliogeuza nyuso ukutani. Georgina alipotaka kuketi naye, nesi alisema muda wa ndugu umekwisha.

Shamsa akaandika kadi mpya, akampa Ildefons kupitia dirishani, na kumwambia kwamba saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi na mbili asubuhi.