Mstari wa Tatu wa Mwaija

Sadala alikufa mwezi wa mavuno, na kila alasiri alirudi nyumbani Kwaluguru kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mkewe Mwaija alimpisha, akaendelea kupepeta. Desturi ilijulikana: siku ya arobaini mjane anaimba mbolezi, wimbo wa maombolezo aliomtungia mumewe, marehemu anaondoka, kinu kinarudi kazini.

Siku ya arobaini Mwaija aliimba. Kwenye mstari wa tatu kinywa kilifunguka, sauti haikutoka.

"Umeruka," alisema Sadala.

"Sijaruka, baba Zuena. Haupo."

Jirani yao Hamisa akamkumbuka karani aliyepita wiki ya msiba na Mdachi, yule Mjerumani wa shamba la mkonge Korogwe, akiandikaandika Mwaija alipokuwa akitunga.

Wakaenda Korogwe. Mjane wa eda hatoki, lakini huyu alisindikizwa na mume mwenyewe, hivyo majirani walikosa la kusema.

Mdachi alikuwa barazani na kitabu alichokiandika miaka mitatu, kilichokosa jina mpaka majuzi. Upepo ulifunua karatasi ya juu, ikaimba kwa sauti ya Mwaija: *Njia imekula nyayo zake.*

"Ndio huo," alisema Sadala.

Karani Stefano alifasiri. "Mama, kwao vitabu vikubwa hupewa jina kwa mstari wa shairi la kale. Ni heshima."

"La kale? Nimelitunga juzi! Jina langu liko wapi?"

"Ameandika, 'wimbo wa wenyeji.'"

"Na kitabu kinahusu nini?"

"Kinamhusu yeye. Anaua simba, watu wanampenda."

"Basi mstari akawaombe simba."

Stefano hakulifasiri hilo. Mdachi alikuwa akimtazama Sadala, mtu mzima aliyekaa bure, akamwandikia kipande, kadi ya kazi ya siku thelathini shambani.

"Huyu amekufa, bwana," alisema Stefano.

Bwana akauliza kama mikono anayo. Alikuwa nayo.

Sadala akaenda kukata mkonge. Hali chakula, haugui, msimamizi alimsifu. Mwaija alirudi peke yake, akakiinua kinu.

Baada ya mwezi Stefano akaja na kalamu. "Shikamoo, mama. Bwana ameanza kitabu cha pili. Anaulizia mstari wa nne."

Mwaija alimpa uji, neno hakumpa. Stefano akangoja, mwisho akauandika huo ukimya, akaukunja, akaondoka nao.

Tangu siku hiyo kinu cha Mwaija hakinyamazi, mchi uwemo usiwemo. Hamisa huleta mahindi yake yatwangwe. Sadala yuko kwenye kipande cha saba.