Shimo Kati ya Nondo

Nilichimba shimo mwenyewe, na mgongo wangu huu mbovu, nyuma ya nyumba pale kokoto za ufukweni zinapoanza. Kwa desturi yetu ya kumfunga mtoto na kwao, kondo langu la uzazi limezikwa hapo, na la mwanangu Rawiri pia. Mwaka huu ilikuwa zamu ya mjukuu wangu Mereana, aliyezaliwa ng'ambo, Brisbane. Rawiri aliahidi kulileta kondo lake kabla kiangazi hakijaisha. Miaka saba sijamtia mwanangu machoni. Namkumbuka mpaka chakula hakipiti.

"Mama Rawiri, umechimba kwenye makazi ya nondo wangu," alilalamika Marlene, dada wa utafiti anayekuja kila mwaka kuwahesabu.

"Wako tangu lini? Wewe umekuja juzi tu na daftari lako."

Alicheka, akapiga magoti. Nondo hao ni wadudu wa jamii ya vipepeo, wadogo kama punje ya mchele, rangi ya kokoto, na duniani kote hawapo ila nchi hii yetu. Dume huruka mchana kweupe. Jike hana mabawa ya maana. Hurukaruka kidogo tu, haendi mbali na alipozaliwa.

"Maskini, kazi yake kusubiri," nilisema.

"Lakini dume huja."

"Basi kanishinda bahati."

Rawiri alipiga simu Jumapili nikimenya viazi vitamu.

"Mama, usikasirike. Kazi imebana, hatuji. Kondo tumelizika huku huku."

Kisu kilinitoka mkononi. "Kwenye ardhi ya watu, Rawiri?"

"Kwenye chungu, Mama. Nimepanda na mti juu yake. Tukirudi tunabeba chungu chote. Si nimefikiria?"

Alikuwa na furaha kweli. Mwanangu amesahau kwao. Kwenye uwanja wetu wa ndege wanakukagua mpaka soli za viatu, na udongo wa ng'ambo hauingii hata kijiko. Chungu kile hakitavuka bahari maisha.

"Umefikiria vizuri, baba," nikamwambia.

Kesho yake asubuhi nilitoka na koleo nikalifukie shimo. Marlene alikuwa ameshainama pale.

"Usifukie kwanza. Kuna jike humo chini."

Niliketi ukingoni nikamtazama, machozi yakanitoka.

"Kwani Rawiri anafika lini?" Marlene aliuliza taratibu.

"Kiangazi kijacho," nikasema, nikarudisha koleo bandani.